Macho ya Kuazima

Kabla hujafa hujaumbika, walisema wahenga. Methali hii tunaitamka sana hospitalini na misibani, na aghalabu tunaitamka kwa ajili ya watu wengine. Leo, ndugu msomaji, naomba tuitamke kwa ajili ya nafsi zetu, maana nina kisa cha kukiri mbele yako, na kisa hicho kimenifundisha jambo ambalo semina nyingi nilizohudhuria hazikunifundisha.

Msafiri atokaye Lindi au Mtwara kwenda Masasi kwa barabara ya Mingoyo hana budi kupita Nanganga. Hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Ruangwa na Nachingwea, na kwa sababu hiyo mabasi husimama, abiria hushuka, na vijana hukimbilia madirishani wakiwa na korosho za kukaanga, embe na mihogo. Katika kelele hizo alikuwapo mzee mmoja mwuza kamba. Alizisokota yeye mwenyewe kwa mkono, kamba za kusukia vitanda na za kufungia mizigo, nazo zilikuwa kamba imara zisizo na kasoro. Mzee huyo haoni. Mbele yake alitembea mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa hivi, ameshika ncha moja ya fimbo, na babu ameshika ncha ya pili. Kwa fimbo hiyo walifika gulioni, msikitini, kisimani na shambani, na kwa fimbo hiyo walirudi nyumbani.

Kila mtu aliwazoea, hata mimi. Siku moja tu, nikiwa nimetoka kupokea taarifa ya mahudhurio ya shule, ndipo nilipomtazama yule mtoto kwa macho ya kiongozi. Nikauliza, mbona huyu hayuko darasani? Tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne, na sheria inamtaka kila mzazi na mlezi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Sikuona udhuru. Nilimwita mzee, nikamweleza wajibu wake kwa lugha ya adabu lakini isiyo na mlango wa kutokea. Mzee hakubisha. Jumatatu iliyofuata mtoto alikwenda shule akiwa na daftari jipya, nami nikaandika katika taarifa yangu kwamba tatizo limekwisha.

Haikupita wiki ya tatu nikaletewa habari kwamba mzee ameanguka katika mtaro wakati akienda kuswali alfajiri, na mkono umevunjika. Nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta amekaa barazani, mkono umefungwa, kamba ambazo hajazimaliza zimelala pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Katibu. Karibu mwanangu, kaa."

Nilimpa pole, akaipokea. Kisha akasema kwa utaratibu, bila hasira, "Mjukuu wangu umempeleka shule, na umefanya vyema, Mungu akulipe. Lakini yale yalikuwa macho yangu. Umeyapeleka darasani, na mimi hukuniachia hata ya kuazima."

Nilikosa la kusema. Kwa kuona nimenyamaza, mzee alicheka kidogo ili kunipunguzia aibu. Akasema amesikia kwamba huko Ulaya mbwa huwaongoza wasioona, na kwamba yeye pia alijaribu. Alimfunga kamba mbwa wake wa kulinda shamba, yule awafukuzaye nguruwe wakati wa mihogo, akamwambia twende gulioni. "Akaniongoza vizuri sana," alisema, "mpaka kwenye shimo la taka la jirani. Hapo akasimama, akaanza kula."

Tulicheka sote. Lakini nilipokuwa njiani kurudi, swali lilinifuata. Ni kitu gani walichokifanya wenzetu hata mbwa akaacha kwenda jalalani, akampeleka mtu aendako?

Habari yenyewe inaanzia vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi wa Ujerumani walipofuka, baadhi yao kwa gesi ya sumu. Daktari aitwaye Gerhard Stalling alifungua mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg, shule ya kwanza ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari hao. Msomaji wa kusini asidhani kwamba vita hivyo vilikuwa vya mbali. Mwezi Oktoba mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana kwa siku nne huko Mahiwa, karibu na Nyangao, katika bonde hili hili la Lukuledi. Wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya pande zote mbili katika vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Askari wa Oldenburg alipewa mbwa wa kumwongoza. Mpagazi aliyerudi kwake na mwili ulioharibika alipewa mtoto wa nduguye amshike fimbo.

Mafunzo ya Wajerumani yalivutia macho ya mama mmoja wa Kimarekani, Dorothy Eustis, aliyekuwa akifuga na kufundisha mbwa huko Uswisi. Aliandika makala juu yake mwaka 1927. Makala hayo alisomewa kijana wa Nashville, Morris Frank, aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto na la pili akiwa na umri wa miaka 16. Frank aliandika barua, akasafiri hadi Uswisi mwaka 1928, akarudi na mbwa jike aliyempa jina la Buddy. Mbele ya waandishi wa habari wa New York alivuka pamoja naye barabara iliyojaa magari. Mwaka 1929 ikaanzishwa shule ya kwanza ya namna hiyo katika Marekani. Uingereza ilifuata mwaka 1931, kwa mbwa wanne wa kwanza huko Wallasey. Katika bara letu, Afrika ya Kusini ilipata chama chake mwaka 1953, kwa juhudi za mama asiyeona, Gladys Evans, aliyefika huko na mbwa wake Sheena.

Sasa tuangalie maisha yenyewe ya kila siku, kwa kuwa ndiyo yenye mafunzo. Mbwa huyu huchaguliwa angali mtoto, na kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi hulelewa katika nyumba ya watu waliojitolea. Huzoeshwa sokoni, garini, katika ngazi na katikati ya makelele, mpaka asishtuke kwa lolote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni vivyo hivyo. Baada ya hapo huingia shule kwa miezi kadhaa chini ya mwalimu wa kazi hiyo. Mwishowe hukutanishwa na bwana wake, na wote wawili husoma pamoja kwa wiki kadhaa, kwa maana hata mtu hana budi kufundishwa. Tena hawaunganishwi ovyo. Hutazamwa urefu wa mtu, mwendo wake na shughuli zake, atafutiwe mbwa anayemfaa.

Watu wengi hudhani kwamba mbwa ndiye ajuaye njia. Sivyo hata kidogo. Njia anaijua mtu. Ni yeye anayehesabu vichochoro, anayesikiliza sauti ya mashine ya kusaga upande wa kulia na harufu ya duka la samaki upande wa kushoto, na ni yeye anayetoa amri ya kwenda mbele, kulia au kushoto. Kazi ya mbwa ni kumpitisha salama katika njia aliyoichagua: kusimama penye ngazi au ukingo wa barabara, kukwepa shimo, na kuzunguka tawi ambalo mbwa mwenyewe angepita chini yake lakini bwana wake lingempiga usoni. Ipo amri moja ambayo mbwa hufundishwa kuivunja. Mtu akisema "mbele" ilhali gari linakuja, mbwa hukataa. Huo ndio upeo wa elimu yake, kutii siku zote na kujua ni wakati gani utii ungeua.

Akiwa amevishwa mshipi wa kazi wenye mpini, yuko kazini, na mpita njia hatakiwi kumshika, kumwita wala kumtupia chakula. Akivuliwa, ni mbwa kama mbwa wengine, hucheza na kulala miguuni. Asubuhi hupewa nafasi ya kwenda haja, hulishwa kwa kipimo na saa maalumu, huchanwa manyoya, hutazamwa makucha na masikio. Kwa kawaida hustaafu akifika miaka kumi hivi, na siku ya kustaafu kwake ni siku ya huzuni, kwa kuwa anayemkabidhi anaagana na rafiki na macho kwa pamoja.

Nilipomsimulia mzee haya, aliuliza swali ambalo nilikuwa nalitarajia. "Na udhu wangu je?" Mimi pia nimesoma chuoni kabla ya kusoma shule, na swali hilo nalijua. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata sisi watu wa mwambao na wa bara ya kusini, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa hutoharishwa kwa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halina ubishi kati yetu. Lakini sheria hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda, kwa sababu ya haja. Katika Surat Al-Kahf yumo mbwa aliyelala kizingitini pa pango pamoja na watu wema wa Mungu, na katika Surat Al-Maida umetajwa mnyama wa kuwinda aliyefundishwa. Huko Leicester, Uingereza, mji ambao Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walikimbilia, kijana mmoja Mwislamu asiyeona aliruhusiwa mwaka 2008 kufika msikitini na mbwa wake. Mbwa alitengewa mahali pake pa kungojea nje ya ukumbi wa sala, na kijana akaingia kuswali. Wanazuoni walioulizwa waliitazama haja na wakaitafutia njia.

Mzee alisikiliza, kisha akanikumbusha hadithi ambayo mimi mwenyewe ningepaswa kuitaja kwanza. Mtu asiyeona alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa sababu hana wa kumwongoza kwenda msikitini. Aliruhusiwa, kisha akaitwa tena na kuulizwa kama anaisikia adhana. Alipojibu kwamba anaisikia, aliambiwa aiitikie. Hukumu yake wanazuoni wameieleza kwa mapana. Lililonigusa mimi ni udhuru alioutoa. Mtu yule hakulalamikia upofu wake. Alisema hana kiongozi. Zaidi ya karne kumi na nne zimepita, na mzee wa Nanganga ameanguka mtaroni kwa udhuru ule ule.

Je, tumletee mzee wetu mbwa wa Ulaya? Ningekudanganya, ndugu msomaji, nikisema jambo hilo ni jepesi. Kumfundisha mbwa mmoja na kumhudumia maishani hugharimu maelfu mengi ya pauni. Mbwa huyo anahitaji chakula cha kila siku na mganga wa mifugo aliye karibu, wakati kaya nyingi zetu zinasubiri msimu wa korosho ili zilipe madeni ya msimu uliopita. Amefundishwa kusimama penye ukingo wa barabara, na vijia vyetu vya mchanga havina ukingo. Kila kona atakutana na mbwa wasiofungwa watakaompigania njia. Tena kichaa cha mbwa si hadithi kwetu. Mikoa ya kusini-mashariki, Lindi na Mtwara ikiwamo, iliwekwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioanza mwaka 2010, kwa sababu watu walikuwa wakiumwa na kufa. Mama wa Nanganga akiokota jiwe aonapo mbwa mgeni, tusimcheke, ana sababu.

Hata hivyo, asije mtu akasema kwamba Mtanzania hawezi kumfundisha mnyama kazi ya kuokoa watu. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya-buku wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Panya wa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma yetu, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imekwisha kusafishwa mabomu yaliyojulikana. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Ikiwa panya amepewa mwalimu, ratiba, posho ya ndizi na nishani, basi ufundi tunao. Tunachokosa ni kuamua kwamba kumwongoza asiyeona ni kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wenzetu walipomfundisha mbwa, kwanza kabisa walikubali kwamba kuongoza ni kazi yenye elimu yake, gharama yake, saa zake za mapumziko na heshima yake. Sisi kazi hiyo hiyo tumemtwika mtoto wa miaka tisa, bila mafunzo, bila mapumziko, kwa bei ya masomo yake yote, kisha tukaiita desturi. Nami nilipokuja kumtoa mtoto katika kazi hiyo, niliiondoa kazi isiyokuwa na badala, kama mtu anayeng'oa nguzo ya nyumba kwa kuwa imeoza na asisimamishe nyingine. Uamuzi wa kumpeleka mtoto shule ulikuwa wa haki, na ningeufanya tena. Kosa langu lilikuwa kuishia hapo na kuandika kwamba tatizo limekwisha.

Wala asidhani mtu kwamba aongozwaye ni mzigo. Ngoma iliyokuwa ikitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, asiyeona, aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Taifa zima lilisimama kumsikiliza kabla ya kumsikiliza kiongozi yeyote. Jirani yetu wa Kenya, Henry Wanyoike, alipoteza kuona mwaka 1995, na mwaka 2000 akashinda mita 5,000 katika mashindano ya walemavu huko Sydney. Siku hiyo kiongozi wake alikuwa mgonjwa na nguvu zikamwishia njiani, hata ikawa asiyeona ndiye anayemvuta aonaye mpaka kwenye utepe. Kuongozana ni kushikana, na anayemshika mwenzake leo huenda kesho akashikwa.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unataja wazi msaada wa viumbe hai na wa watu waongozao, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mtaro wa Nanganga ndiko kuliko na safari, na safari hiyo ni yetu sisi wa kata na vijiji.

Baada ya aibu yangu tulikaa kikao, tukaanza na yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mtaro ulifunikwa kwa mbao katika mapito mawili. Kutoka nyumbani kwa mzee hadi msikitini ilifungwa kamba, mti kwa mti, kimo cha kiuno, na kamba hiyo aliisokota yeye mwenyewe mkono ulipopona, akikataa katakata kulipwa. Siku za gulio vijana wa njia panda wamepangiana zamu ya kumchukua. Ilipatikana fimbo nyeupe, na mwalimu aliyewahi kufanya kazi na wanafunzi wasioona alikuja kumwonyesha matumizi yake: mguu wa kulia ukipiga hatua, ncha ya fimbo hugusa kushoto, mahali utakapokanyaga mguu wa kushoto, na kinyume chake. Mzee alijifunza polepole, akilalamika kwamba fimbo haisemi kama mjukuu wake alivyokuwa akisema.

Jambo jingine lazima lisemwe. Wengi wa wasioona wa uwanda wa Makonde na mabonde yake hawakuzaliwa hivyo. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji. Vikope, yaani trakoma, huenea kwa mikono, nguo na nzi panapokosekana maji ya kunawa uso, na kila mtu ajuaye historia ya Newala anajua jinsi mama zetu walivyoteremka magenge kutafuta ndoo moja. Maradhi hayo yana dawa yakiwahiwa. Mzee wetu hakuwahiwa. Kwa hiyo anayechimba kisima, na anayempeleka mama yake hospitalini Ndanda au Masasi mapema badala ya kungoja mavuno, naye anafanya kazi ya kuongoza, tena kabla njia haijawa giza.

Juma lililopita nilipita tena njia panda. Mzee alikuwa mahali pake, kamba zimepangwa mbele yake, fimbo nyeupe imeegemea bega. Saa nane mtoto alitoka shule akaja mbio, akatoa kitabu, akakaa karibu na babu yake akaanza kumsomea kwa kukokoteza, neno baada ya neno. Mzee alimkatiza mara mbili kumsahihisha kwa kumbukumbu tu, kwa kuwa hadithi hiyo aliijua tangu ujana wake. Nilitoa salamu.

"Katibu," aliniambia, "macho yangu yamerudi, na sasa yanajua kusoma. Lakini mwambie na yule wa kijiji cha pili. Yeye bado anaongozwa na binti wa miaka minane."

Nimekwenda. Safari hii sikuanza na mtoto. Nilianza kwa kumwuliza bibi huyo anakwenda wapi kila siku, na nani atampeleka.